Bango limenigeuka: ni KUSIMAMA KIDETE au KUSIMAMA KIDEDEA?

#1 FundiHerufi (Nakuru)

Wadau hamjambo. Naomba msaada wa Kiswahili kabla sijapoteza pesa yangu.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Kibanda changu kiko Nakuru karibu na stendi, mahali ambapo vumbi la mji huu hupita kunisalimia kwanza kabla ya kwenda kwa wengine. Naandika kwa brashi: milango ya maduka, mikokoteni, kuta za makanisa, na siku hizi vitambaa vya watu wenye malalamiko, maana mashine za kuchapa zimetunyang'anya karibu kila kitu kingine.

Jumanne alikuja mwekahazina wa kikundi cha akina mama wa vibandani. Mwenye kiwanja anawataka wahame kabla ya mwezi kuisha. Wao wana karatasi ya makubaliano ambayo bado ina miaka miwili, na wamekataa kuondoka. Walitaka bango la kitambaa, mita tatu kwa moja, walifunge mbele ya vibanda. Maneno alikuja nayo yameandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha katoni ya sabuni:

HATUTOKI. TUTASIMAMA KIDEDEA.

Nikachora nilivyopewa. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, na chini nikawawekea mstari wa kijani bure kwa sababu hao ndio huniuzia sukuma kwa mkopo. Alhamisi akaja mwenyekiti wao kulichukua. Ni mama wa umri wa nyanya yangu, anauza viazi. Akalikunjua juu ya benchi, akalifuata kwa kidole herufi moja moja, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mjukuu wangu, hapa umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Hiyo ni ya mpira. Sisi tulisema kidete."

Mwekahazina akaitwa. Akaapa aliandika kidete, fundi ndiye aliyekosea. Nikatoa katoni. Akanyamaza kidogo, halafu akasema fundi mzuri angejua na angemrekebisha. Salio langu ni shilingi 1,800 na limekwama hapo.

Sasa nauliza. Je, kuna makosa kweli? Na hiki "kidete" ni nini hasa? Nimelichora neno hili kwenye matatu na kwenye mashati ya kampeni kwa miaka mingi, lakini mtu akiniambia nilieleze bila kulitaja, nakwama.

#2 TuktukKibuye (Kisumu)

Omera pole. Lakini mimi sioni kosa. Kidedea ni kushinda. Kila Jumapili radioni: "Gor Mahia yaibuka kidedea." Akina mama wanasema watashinda, mwenye kiwanja atashindwa. Wakulipe pesa yako waende.

#3 MwlMstaafu (Kakamega)

Fundi, kosa lipo, ila si lako peke yako. Nimesahihisha insha za watoto miaka thelathini na kitu, na haya maneno mawili yalikuwa yakibadilishana viti kila muhula. "Nahodha alisimama kidedea." "Timu yetu iliibuka kidete." Ukisoma haraka hayakusumbui, ukisoma polepole yanakwaruza.

Yote mawili ni vielezi. Yanakaa nyuma ya kitenzi na kukiambia kimefanyika vipi. Lakini kila kimoja kina marafiki zake. Kidedea hupenda *ibuka* na *toka*, yaani mambo yamekwisha, vumbi limetulia, na mtu anatokea upande ule mwingine akiwa juu. Kidete hupenda *simama*, *pinga*, *tetea*, *pigania*. Mambo hayajaisha. Kuna anayekusukuma na wewe hujasogea.

Ndiyo maana mtu anaweza kusimama kidete na bado akashindwa. Hawezi kuibuka kidedea na akashindwa. Mama mwenyekiti ana sikio zuri sana.

#4 TuktukKibuye

Mwalimu, nimekubali nusu. Ngoja nikupe mfano wa nyumbani.

Mwaka 1987 Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi la Afrika. Baba yangu husimulia mpaka leo kama ni jana. Fainali ilikuwa na Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza Tunis ilikuwa 2-2. Ya marudiano Nairobi, 1-1. Umeona? Hawakushinda mechi hata moja! Kombe lilikuja kwa sababu ya mabao ya ugenini. Sasa hapo walisimama kidete au waliibuka kidedea?

#5 MwlMstaafu

Vyote viwili, na umenipa mfano bora kuliko niliokuwa nao. Kwa zile dakika za Nairobi, 1-1 ikiwa ubaoni na Espérance wakitafuta bao moja tu la kugeuza mambo, Gor walikuwa wamesimama kidete. Kipenga cha mwisho kilipolia, waliibuka kidedea. Neno moja ni la kabla ya kipenga, lingine la baada yake.

Akina mama wa Nakuru wako dakika ya ngapi?

#6 FundiHerufi

Mwalimu, asante. Kwa hesabu yangu wako kama dakika ya 60.

Lakini sasa mbona tusiseme "imara" tu yaishe? Ukutani kwa kanisa moja huku Free Area nilichora 1 Wakorintho 16:13: "Kesheni, simameni imara katika Imani." Hakuna kidete hapo, na watu wamesimama tu vizuri.

#7 MwlMstaafu

Swali zuri, na hapa niruhusu niketi kidogo.

*Imara* ni neno la kazi nyingi. Kiti ni imara, daraja ni imara, ndoa ni imara, shilingi ikipata bahati nayo ni imara. Lilitujia kutoka Kiarabu, na huko jamaa zake wanahusika na kujenga na kustawisha, kwa hiyo hata leo likitajwa unasikia msingi na mawe. *Thabiti* nalo ni la Kiarabu, lakini linapenda vitu visivyoonekana zaidi: nia thabiti, imani thabiti, msimamo thabiti. *Madhubuti* ni la mafundi na mawakili: kufuli madhubuti, ushahidi madhubuti. *Wima* ni la mwili, mtu kasimama mgongo umenyooka, basi. Mwanafunzi aliyechapwa na jua gwarideni amesimama wima, na moyoni hataki kuwa pale kabisa.

Kidete hakikubali kazi hizo. Jaribu uone. "Kiti kidete." "Ndoa yao ni kidete." "Niletee kamba iliyo kidete." Hakuna hata moja inayopita. Huwezi kukiweka kwenye nomino kama sifa. Kinamtaka mtu, kinataka kitenzi, na kinataka upinzani. Ondoa upinzani na neno linabaki halina kazi. Mtu aliyesimama peke yake shambani jioni akiangalia ng'ombe hajasimama kidete, hata kama ana miguu kama ya mvule.

Tena hakina vipimo. Sijawahi kumsikia mtu akisema "alisimama kidete kidogo."

#8 BintiMumias

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana na mengi ila hapo kwa "kinamtaka mtu" nakushika mkono. Wakati wa mafuriko nilimsikia mtangazaji akisema ukuta wa zahanati fulani "ulisimama kidete" maji yakipita pande zote. Na nilimwelewa vizuri sana.

#9 MwlMstaafu

Marahaba mwanangu. Ulimwelewa kwa sababu aliugeuza ukuta kuwa mtu. Maji yalikuwa adui, ukuta ukawa askari. Ukuta wa siku za kiangazi hauwezi kupewa neno hilo. Lakini nimekusikia, nalegeza: mtu, au kitu kinachopigana kama mtu.

#10 BintiMumias

Hapo sawa.

Sasa niseme kilichonileta. Nimekulia Mumias, karibu na msikiti, na kwetu Kiswahili kilikuja mapema, wakati wa misafara ya biashara na Nabongo Mumia. Bibi yangu alikuwa na maneno ambayo shuleni nilichekwa nikiyasema. Moja ni *dede*. Mtoto akianza kujaribu kusimama bila kushikwa, bibi anapiga makofi: "Dede! Dede! Simama dede!" Mtoto anatoa mikono mbele kama mtu anayebeba sinia, magoti yanacheza, macho makubwa, anasimama pumzi tatu, kisha matako chini. Wote tunashangilia kana kwamba kavuka Ziwa Victoria kwa miguu.

Kwa hiyo mimi siku zote nimeamini kwamba dede amezaa kidedea, na kidedea na kidete ni ndugu. Angalia: de-de, ki-dede-a, ki-dete. Yote ni habari ya kusimama. Yule mtoto anayetikisika ndiye anayekuja kuwa mtu wa kusimama kidete. Mwalimu usiniambie ni bahati tu.

#11 KijanaSec58 (Nakuru)

Hii ya dede imenimaliza. Mtoto wa dadangu yuko hatua hiyo sasa hivi. Alisimama dede jana, akashika redio, redio haiko tena nasi.

#12 MwlMstaafu

Binti wa Mumias, nimetabasamu peke yangu hapa barazani mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni. Dede ni neno halisi na la zamani, na mtoto husimama dede au huenda dede. Ni la yule ambaye bado anatetereka. Umelieleza kuliko kamusi.

Lakini undugu wa maneno haupimwi kwa sura. *Paa* la nyumba, *paa* wa porini na *kupaa* angani vinafanana kama mapacha, na hakuna aliyewahi kuwaona kwenye meza moja. *Kaa* la moto, *kaa* wa pwani, na *kaa* chini. Dede na kidedea nawapa cheti cha undugu bila ubishi mwingi, sauti zinaruhusu. Kidete ana *t* katikati, na *d* haigeuki *t* kwa sababu tu tunapenda hadithi iwe tamu. Hadithi yako naipenda. Kwenye karatasi ya mtihani nisingeipa alama.

#13 BintiMumias

Mwalimu alama zako baki nazo, mimi na bibi tuna ushahidi wa makofi.

#14 DagaaExpress (Kisumu, mzaliwa wa Mwanza)

Wakuu, mimi ni Mtanzania, biashara ya dagaa ndiyo imenileta Kisumu. Uzi huu nimeusoma wote nikiwa nasubiri mzigo.

Kwanza, mnajua kwetu Kidete ni mahali? Ni stesheni kwenye Reli ya Kati, ukitoka Kilosa kuelekea Gulwe na Dodoma. Reli pale inafuatana na Mto Mkondoa, na mvua zikizidi, maji huzoa tuta na reli inabaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Treni zimesimamishwa kwa sababu ya kipande hicho mara nyingi. Kwa hiyo nikisikia "kusimama kidete" akili yangu inaona treni imesimama Kidete, na haiendi popote.

Pili, mmesahau *ngangari*. Kwetu hilo ndilo lililotikisa nchi. Kwenye uchaguzi wa 2000 wafuasi wa CUF, chama cha upinzani, walilibeba kama bendera: sisi ni ngangari, hatuyumbi, hatutishiki. Mkuu wa polisi wa wakati ule, IGP Omar Mahita, akawajibu kwamba kama wao ni ngangari, polisi ni ngunguri. Irabu mbili tu zimebadilishwa, na kila mtu akaelewa papo hapo alichomaanisha. Watu walicheka vijiweni. Kicheko hakikudumu. Januari 2001 maandamano ya CUF kule Zanzibar yalizimwa kwa risasi, watu wakafa, Pemba hasa, na wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni, huku kwenu Kenya.

Tangu hapo mimi nikisikia ngangari nasikia na mwangwi wake nyuma.

#15 KijanaSec58

Mzee wa dagaa, hiyo historia sikuijua kabisa. Hapa Nakuru ngangari imekuwa neno jepesi. "Uko aje?" "Niko ngangari." Maana yake nimekula na sidaiwi.

Lakini ngoja, hapo kuna kitu. Naweza kusema "niko ngangari." Siwezi kusema "niko kidete." Kwa nini?

#16 MwlMstaafu

Kijana, umefanya kazi ya mwalimu. Ngangari ni hali. Unaamka nayo, unakwenda nayo sokoni, unalala nayo. Kidete ni namna ya kutenda. Kitenzi kikiondoka, nacho kinaondoka.

#17 TuktukKibuye

Na msisahau sisi huku ziwani tulitoa letu 2002. Unbwogable. Wanamuziki Gidi Gidi Maji Maji waliliimba, muungano wa vyama wa NARC ukalichukua kwa kampeni, na mwisho wa mwaka Kibaki akaingia Ikulu. Ndani yake kuna *bwogo*, Kijaluo cha kutisha, kushtua. Wakaliwekea kichwa na mkia wa Kiingereza. Wasiojua Kijaluo hata salamu walikuwa wakilipiga kelele viwanjani.

Ila nikifikiria vizuri si sawa na kidete. Asiyebwogeka ni habari ya moyo, hatishiki. Kidete naona ni habari ya miguu. Unaweza kuwa unaogopa mpaka tumbo linaunguruma na bado umesimama kidete, ilimradi hujasogea.

Nyanya yangu akitaka kusema hilo husema *chung' motegno*, simama kwa nguvu. Akiniambia hivyo najua kuna mtu wa kuzikwa au kuna deni.

#18 DagaaExpress

"Kidete ni habari ya miguu." Hii naichukua, naenda nayo Mwanza.

#19 HakunaJambo (Eldoret)

Samahani nawaharibia sherehe. Neno hili wanasiasa wamelimaliza. Kila mkutano wa hadhara: "Nitasimama kidete na watu wangu." Kidete na nani? Dhidi ya nani? Mwaka unaofuata kahamia chama kingine na huko nako anasimama kidete. Magazeti nayo: "apinga kidete", "atetea kidete", "ashikilia kidete", mpaka mwenye kuomba chai bila sukari anaonekana amesimama kidete. Mimi nikiliona kwenye kichwa cha habari naruka.

#20 MwlMstaafu

Hujaharibu kitu. Neno likitumika bila gharama huwa jepesi, kama sarafu iliyopita mikono mingi mpaka picha imefutika. Na umegusa jambo ambalo nilisahau: hiyo "na" ya wanasiasa. *Kusimama na watu* ni kuwa upande wao, na Kiswahili hakina ugomvi nalo. Lakini "kusimama kidete na watu" linalegalega, kwa sababu kidete kinauliza mara moja nani anasukuma, na msemaji hataki kumtaja. Sema "nitasimama kidete kutetea ardhi yenu" na sasa umejifunga. Kuna kinachogombaniwa na tutakuona ukisogea. Wajanja wanapenda "na" kwa sababu haina anwani.

#21 KijanaSec58

Swali la kizushi: na "jikaze kisabuni"? Si ni kitu kimoja na kidete? Mamangu alikuwa akiniambia hivyo nikidungwa sindano.

#22 BintiMumias

Sabuni?! Sabuni ukiiacha kwenye beseni la maji usiku, asubuhi unapata uji. Mimi sijawahi kuelewa kwa nini tumeambiwa tujikaze kama kitu kinachoyeyuka.

#23 KijanaSec58

Labda ni kile kipande cha mwisho, kile kigumu kilichokauka chenye nyufa, hakitoi hata povu. Hicho kimejikaza.

#24 HakunaJambo

Hicho ndicho mimi baada ya kulipa karo.

#25 MwlMstaafu

Tofauti iko hapa: kujikaza ni kuvumilia kinachokupata, na sindano inaingia tu hata ukijikaza. Kusimama kidete ni kumzuia anayetaka kupita. Mtoto hasimami kidete mbele ya sindano. Au tuseme, akisimama kidete, daktari anaita mtu wa pili wa kumshika.

Na hiyo *ki-* ya kisabuni ni ileile ya kitoto, kiume, kishujaa: kwa mfano wa. Ndiyo maana watu wanaitafuta "dete" ndani ya kidete, kama wanavyoiona sabuni ndani ya kisabuni. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwenye insha: "Askari huyo alikuwa dete kweli kweli." Nilichora mstari mwekundu, halafu nikakaa nikimwonea huruma, kwa sababu kwa mantiki yake alikuwa sahihi.

#26 FundiHerufi

Wadau, narudi na taarifa kabla uzi haujafungwa.

Jana jioni nilikwenda vibandani mwenyewe na bango kwapani. Mama mwenyekiti alikuwa anapanga viazi kwenye debe, vile vikubwa juu na vidogo chini, nisiseme zaidi. Nikamsomea maneno ya mwalimu kwenye simu, hiyo ya kabla ya kipenga na baada ya kipenga. Mwekahazina naye alikuwepo, akasikiliza huku amekunja mikono.

Mama akamgeukia. "Umesikia? Bado hatujaibuka popote. Tumesimama tu."

Mwekahazina akasema yeye aliandika kidedea kwa sababu alitaka neno la kushinda, kidete linasikika kama watu wanaongojea kupigwa. Nilimwelewa, wadau. Hakuna aliyemjibu kwa muda. Halafu mama akasema, "Tukishinda utamwambia fundi achore lingine. Nitalipa mimi." Wakakubaliana.

Sasa kazi ikawa yangu, maana rangi ya mafuta ikishika kitambaa haifutiki. Ukipaka tina unapata wingu jekundu na shimo. Nikalitandaza bango chini hapohapo, nikalishika kwa mawe pembe nne kwa sababu ya upepo, nikalitazama. Ndipo nikaona: K-I-D-E ni zilezile. D ya pili niifunike kwa rangi nyeupe mgongoni na kuinyoosha iwe T. E inabaki. A ndiyo ya kuondoka.

D kuwa T ilinichukua kama nusu saa, kwa sababu kivuli cheusi kilikuwa kimepinda na mgongo wa D na ilibidi nikipake mara mbili. Ukisimama karibu bado unaona tumbo la D chini ya weupe. Ukiwa barabarani huoni.

Shida ikawa A. Niliifunika, ikabaki nafasi ya herufi nzima baada ya neno, kiraka cheupe kuliko kitambaa chenyewe. Nikataka kuweka alama ya mshangao. Mama akakataa, akasema wao hawajashangaa. Mwekahazina akasema niweke ngumi. Mama akakataa, atakuja mtu aseme ni siasa.

Nikamsomea lile la TuktukKibuye, kwamba kidete ni habari ya miguu. Akacheka, akavua patipati yake ya kulia, ile ya bluu iliyoshonwa kamba kwa waya, akaiweka chini karibu na kopo langu la rangi.

Nimeichora hiyo. Pamoja na waya. Nimelipwa 1,800 yote na viazi kilo tatu, vya juu.

#27 TuktukKibuye

Picha tafadhali.

#28 FundiHerufi

Simu ilizima chaji. Kesho asubuhi nikienda kununua sukuma nitapiga, bango liko pale mbele.